Albamu Inakaaje Kabatini Miaka 34? Ndugu Watatu wa Detroit na Kanda ya Mjomba

Wiki iliyopita, ndani ya daladala ya Igoma, kijana mmoja alimwonyesha mwenzake video fupi kwenye simu. Ndugu watatu weusi wa Marekani, magitaa ya umeme, nywele za afro, na maandishi chini yake: albamu yao ilirekodiwa 1975, ikatoka 2009. Mwenzake akakataa papo hapo. "Hakuna kitu kama hicho, kaka. Nani arekodi albamu halafu aiache miaka 34? Hiyo wameitengeneza kwa akili bandia, wakaiwekea picha za zamani." Mama mmoja aliyepakata ndoo ya dagaa akageuka akasema kama ilikaa muda wote huo basi ilikuwa mbovu, maana kitu kizuri hakikai. Konda naye, aliposikia kwamba bendi yenyewe ilijiita Death, yaani Kifo, akasema wasilaumu mtu, jina walijichagulia wenyewe.

Nilishuka Nyakato na mjadala ukaendelea bila mimi. Lakini haujanitoka kichwani, kwa sababu hoja zote hizo nazisikia kila mara hapa mjini, si kwa bendi za Marekani tu. Msanii wetu akifariki kisha wimbo wake "mpya" ukaachiwa miezi sita baadaye, maswali ni hayohayo. Ulitoka wapi? Nani ameruhusu? Fedha anakula nani? Na mimi nina sababu ya nyumbani ya kulijali jambo hili, nitaifikia.

Tuanze na maneno.

Mwanza ukitaja "rock" mtu anafikiria mawe. Ndilo jina la utani la jiji letu, Rock City, na ukisimama pale Kamanga ukatazama jiwe la Bismarck lilivyosimama majini huna haja ya kuuliza kwa nini. Muziki wa roki ni jambo jingine. Ulizaliwa Marekani kutoka kwenye bluzi na muziki mwingine wa watu weusi, ukavuka bahari hadi Uingereza, ukarudi ukiwa umebadilika sura. Roki nzito ni tawi lake lililopata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960. Gitaa la umeme linapitishwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka sauti inakwaruza. Aliyelelewa na muziki wa dansi, anayependa solo safi ambayo kila noti inadondoka peke yake kama tone la maji, akisikia roki nzito kwa mara ya kwanza hudhani spika imepasuka. Haijapasuka. Ule mkwaruzo ndio wanaoutafuta. Chini yake kuna drams zinazopigwa kwa nguvu zote na besi inayolifuata gitaa hatua kwa hatua. Ukitaka kujua inavyojisikia, kumbuka ulivyosimama karibu na ngoma kwenye mashindano ya Bujora: sauti huisikii kwa masikio peke yake, inagonga kifuani.

Sasa neno la pili, ambalo ndilo linalowachanganya watu zaidi. Kurekodi na kutoa ni kazi mbili tofauti. Kurekodi ni kuvua. Kutoa ni kuwafikisha samaki sokoni na kufungua biashara. Kati ya mtumbwi kugusa mwalo na mteja kubeba samaki wake kuna watu wengi, na yeyote kati yao anaweza kusimamisha safari. Albamu iliyovuliwa lakini haikufika sokoni ndiyo tunayosema imewekwa kabatini.

Hiyo usiichanganye na albamu iliyotolewa tena. Jirani zetu wa Zambia walikuwa na roki nzito yao wenyewe miaka ya 1970, wanaiita Zamrock, na bendi kama WITCH, iliyoongozwa na Emmanuel "Jagari" Chanda. Albamu zao zilitoka wakati wake, zikauzwa, watu wakacheza. Kisha uchumi wa shaba ukaanguka, bendi zikasambaratika, Ukimwi ukawachukua wanamuziki wengi, na muziki ule ukasahaulika mpaka santuri zake zilipoanza kutolewa upya karne hii. WITCH wenyewe walirudi studio na kutoa albamu mpya 2023. Kisa kizuri mno, lakini kule watu waliwahi kununua. Albamu ya kabatini haijawahi kununuliwa na mtu. Hakuna aliyeisahau kwa sababu hakuna aliyeijua.

Wale watatu wa kwenye simu

David, Bobby na Dannis Hackney ni ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa Detroit. David alishika gitaa, Bobby besi na uimbaji, Dannis drams. Detroit ndiko ilikozaliwa Motown, kampuni ya rekodi iliyovuma kwa muziki wa soul, na kijana mweusi wa mji ule mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitarajiwa apige soul au funk. Wao wenyewe walianza na funk. Lakini David akaipenda roki nzito, akawavuta wadogo zake, wakawa wanafanya mazoezi chumbani nyumbani kwao.

Jina linahitaji maelezo, kwa heshima ya yule konda. Baba yao aliuawa katika ajali iliyosababishwa na dereva mlevi. David hakulichagua neno Death kumwita shetani. Alitaka kukitazama kifo kama sehemu ya safari ya binadamu, jambo ambalo kila mtu atalipitia na ambalo si lazima liwe baya. Unaweza usikubaliane na uchaguzi wake, mimi mwenyewe nisingelichagua, ila ni jina la mtoto aliyefiwa anayetafuta namna ya kubeba msiba. Na ndugu haohao baadaye walipiga roki ya injili kwa jina la The 4th Movement na kutoa albamu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyewaona wapagani kwa jina tu alikosea nyumba.

Mwaka 1975 waliingia studio ya United Sound pale Detroit. Walipanga nyimbo 12. Aliyekuwa nyuma ya fedha alikuwa Clive Davis, mmoja wa wakubwa wa biashara ya muziki Marekani. Aliupenda muziki, jina hakulitaka. Akawaambia wabadilishe. David akakataa, na wadogo zake wakasimama na kaka yao. Fedha zikasimama. Nyimbo 7 zilikuwa zimekamilika, hata nusu saa hazifiki ukizijumlisha, na hapo ndipo albamu ikaingia kabatini.

Mwaka 1976 walijaribu wenyewe. Walichapisha santuri ndogo yenye nyimbo mbili, nakala 500, kwa lebo yao ya Tryangle. Redio hazikuipiga. Wakahamia Burlington, jimbo la Vermont, wakapiga injili, na Bobby na Dannis wakaja kuishia kwenye reggae na bendi yao ya Lambsbread. David alirudi Detroit. Mwaka 2000 alifariki kwa saratani ya mapafu. Kabla ya kufa alimkabidhi Bobby kanda za studio na kumsihi azitunze, kwa sababu siku moja watu watakuja kuzitafuta.

Walikuja kweli. Wakusanyaji wa santuri za zamani walianza kuinunua ile ndogo kwa mamia ya dola. Mwaka 2008 mmoja wa watoto wa Bobby, akiwa kwenye sherehe huko California, alisikia wimbo unapigwa na sauti inayoimba ni ya baba yake. Watoto walikuwa wamekua bila kujua kwamba baba yao aliwahi kupiga roki. Kanda zikatolewa zilikokuwa, na 2009 kampuni ya Drag City ya Chicago ikatoa nyimbo zile 7 kwa jina la "...For the Whole World to See", yaani ili dunia nzima ione. Waandishi wa historia ya muziki wakalazimika kurudi kwenye madaftari yao. Muziki wa panki, roki ya haraka, fupi na yenye kelele, ulikuwa ukihesabiwa kuanzia vijana wa New York, na albamu ya kwanza ya bendi yao ya Ramones ilitoka Aprili 1976. Kumbe ndugu watatu weusi wa Detroit walikuwa wameshapiga kitu cha kufanana nacho mwaka mmoja kabla.

Mtumbwi ni wa nani

Sasa nikuulize: kama wale ndugu walitunga, wakapiga na wakaimba wenyewe, mtu mwingine aliwezaje kuwasimamisha?

Nenda mwaloni Kirumba alfajiri utapata jibu. Mtumbwi una tajiri. Yeye ndiye mwenye injini na nyavu, yeye ndiye anayetoa mafuta na chakula cha safari. Wavuvi wanaingia majini usiku, wanarudi na sangara. Gharama zinakatwa kwanza, kinachobaki kinagawanywa. Kampuni ya rekodi ni tajiri wa namna hiyo. Inalipia studio, fundi mitambo, uchapishaji na matangazo, na gharama hizo mara nyingi huja kukatwa kwenye mgao wa wasanii. Mpaka hapo mvuvi na mwanamuziki wanafanana.

Wanaachana kwa jambo moja, na ningependa ulishike kuliko yote niliyoandika leo. Sangara anaoza. Tajiri wa mtumbwi, hata awe amegombana na wavuvi wake vipi, lazima samaki wauzwe leo au kesho, la sivyo hasara ni yake pia. Rekodi haiozi kesho. Tajiri wa muziki akinuna anaweza kuiweka kabatini mwaka mmoja, mitano, thelathini, na kwake haimgharimu zaidi ya nafasi ya rafu. Ndiyo maana ugomvi wa siku moja juu ya jina la bendi unaweza kuzaa kimya cha miaka 34. Hakuna kinachomkimbiza mtu.

Halafu ndani ya wimbo mmoja kuna mali zaidi ya moja, na watu wengi wanadhani ipo moja tu.

Kuna utunzi: maneno na sauti yake, ule wimbo ambao unaweza kuuimba ukiwa unafua nguo bila chombo chochote. Huo ni wa mtunzi. Kuna rekodi: sauti zilizonaswa siku fulani, studio fulani, watu hao wakipiga hivyo. Nakala mama ya rekodi hiyo ndiyo wanaiita masta, na mara nyingi ni ya aliyelipia studio, kutegemea mkataba unasemaje. Kisha kuna kanda yenyewe kama kitu, plastiki iliyozungushwa kwenye gurudumu, ambayo inaweza kuwa kabatini kwa mtu asiye na haki yoyote juu ya kilichomo, sawasawa na mtu kukaa na hati ya kiwanja kisicho chake.

Sheria yetu inalitambua hilo tangu kwenye jina. Ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya walioshirikiana naye kuufikisha wimbo masikioni: waimbaji na wapigaji, mtayarishaji wa rekodi, mtangazaji. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo mtunzi akifa wimbo haubaki yatima wala haugeuki mali ya umma, unakwenda kwa warithi. Ofisi inayosimamia haya watu wameizoea kwa jina la COSOTA. Ninapowasikia vijana wa studio za mitaani wakisema "wimbo wangu, nafanya ninavyotaka", huwa natamani wangepewa karatasi yenye maneno hayo mawili tu kabla ya kupewa maikrofoni.

Ndugu wa Hackney walikuwa na bahati kwamba walipoachana na kampuni kanda za studio zilibaki upande wao. David hakuwa amebeba ukumbusho tu. Alikuwa ameshika masta. Zingebaki kwenye ghala la watu wengine, leo pengine pasingekuwa na cha kusimulia.

"Kitu kizuri hakikai"

Yule mama wa ndoo ya dagaa hakusema ujinga. Katika biashara yake kitu kizuri kweli hakikai. Lakini albamu huingia kabatini kwa sababu ambazo ubora haupo ndani yake. Bosi aliyeipenda bendi anahama kazi, anayekuja haitaki mizigo ya mwenzake. Kampuni mbili zinaungana na orodha ya wasanii inapunguzwa. Waliotunga pamoja wanapelekana mahakamani. Bendi inavunjika wiki moja kabla ya uzinduzi, na hakuna anayetaka kutangaza kitu cha watu ambao hawatapanda jukwaani.

Mara nyingine ni msanii mwenyewe. Mwishoni mwa 1987 Prince aliisimamisha albamu yake wakati nakala zilikuwa tayari zimechapishwa, akataka ziharibiwe. Chache ziliponyoka, zikawa zinanakiliwa kwa siri kwa miaka, mpaka albamu ilipotolewa rasmi 1994. Neil Young alirekodi albamu nzima miaka ya 1974 na 1975, akaona imebeba maumivu yake mno, akaiweka, akaitoa 2020. Hao hawakuzuiwa na tajiri yeyote.

Na kuna kubadilika kwa macho ya wanunuzi. Wazee wa mwaloni wanakumbuka bondo la sangara, kile kibofu cha hewa cha tumboni, lilipokuwa si kitu, na leo ni biashara inayofuatwa kutoka mbali, watu wanalipima kwa uangalifu kama dhahabu. Samaki ni yuleyule, soko ndilo lililojifunza kuona. Mwaka 1975 redio za Marekani hazikujua zifanye nini na vijana weusi wanaopiga roki nzito: vituo vya watu weusi vilitaka soul, vya roki vilitaka sura nyingine. Walipotokea wasikilizaji waliokwisha kulelewa na panki, nyimbo zilezile 7 zikaeleweka kwa dakika moja. Sisemi kila kilichofungiwa ni dhahabu. Zipo albamu ziliwekwa kwa sababu zilikuwa dhaifu, na zilipotoka watu wakasikia kwa nini. Ninachosema ni kwamba muda wa kukaa kabatini haukuambii chochote kuhusu ladha. Lazima usikilize.

Kanda inazeeka namna gani

Nimesema rekodi haiozi kesho. Huoza taratibu, na huku kwetu ziwani huoza haraka kidogo.

Kanda ya studio ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Sauti imehifadhiwa kwa sumaku kwenye ule unga. Gundi ya kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Ikishashiba inakuwa kama ulimbo, utepe unanata, na ukiulazimisha kwenye mashine ule unga unabanduka na kubaki kwenye mashine. Wimbo unafutika huku unaucheza. Mafundi wana dawa ambayo ukiisikia mara ya kwanza hutaamini: wanaioka. Kanda inawekwa kwenye kifaa cha joto la nyuzi kama 54, saa nyingi, gundi ikauke na kushika tena. Baada ya hapo wana muda mfupi wa kuicheza na kuinakili kabla haijaanza kunata upya. Jiko la nyumbani halifai, na sufuria ya mchanga usithubutu.

Kisha kuna ukungu. Chumba cha bati karibu na maji, mvua za masika, sanduku limewekwa sakafuni. Nani hajafungua sanduku la namna hiyo akakuta picha za harusi zimeshikana?

Kuna kitu kingine cha kujua kuhusu kanda hizo. Ile ya kwanza kurekodiwa huwa na njia nyingi sambamba, 16 au 24 kwa studio kubwa za wakati ule, kila chombo na njia yake. Ni kama umepanga bakuli mezani: nyanya hapa, vitunguu pale, viungo kule. Fundi akishachanganya zinakuwa chakula kimoja, na hicho ndicho tunachosikia. Mwenye bakuli anaweza kupika upya. Mwenye sufuria iliyokwisha kuiva anaweza kuongeza chumvi tu.

Na hapa ndipo inapoingia ile hoja ya akili bandia. Kijana wa kwenye daladala alikuwa na haki ya kushuku, kwa sababu sauti bandia zipo na zinadanganya watu kila siku. Ila kuna tofauti kati ya mashine inayobuni sauti na mashine inayotenganisha sauti. Novemba 2023 ulitoka wimbo wa The Beatles ambao sauti yake ni ya John Lennon, aliyeuawa 1980. Aliurekodi nyumbani kwenye kaseti ya kawaida, sauti na piano pamoja, chakula kikiwa kimekwisha kuiva. Wenzake walijaribu kuumalizia miaka ya 1990 wakashindwa kwa sababu piano ilimeza sauti. Mashine za kisasa zikaweza kuichambua sauti ya Lennon kutoka kwenye piano kama mtu anavyochagua mawe kwenye mchele. Hazikuongeza punje. Kwa ndugu wa Detroit hata hilo halikuhitajika: kanda za studio zilikuwepo, zikanakiliwa na kusafishwa.

Kwa hiyo ukikutana na "wimbo mpya" wa marehemu, maswali yenye maana ni mawili. Sauti yenyewe ilirekodiwa lini na wapi? Na ni nani ametia saini itoke? Familia au kampuni ikiweza kuyajibu yote mawili wazi, sikiliza kwa amani.

Kanda ya mjomba

Sababu yangu ya nyumbani ni hii. Mjomba wangu alipiga gitaa la ridhimu katika bendi moja ya dansi hapa Mwanza. Wakati ule kazi kubwa ya kurekodi bendi Tanzania ilifanyika Radio Tanzania Dar es Salaam, na ukitaka santuri ichapishwe ulitazama Nairobi. Wanamuziki wengi wa ukanda huu wa ziwa walivuka mpaka. D.O. Misiani, aliyezaliwa upande wetu, Shirati, jina lake alilijengea Kenya na Shirati Jazz yake. Bendi ya mjomba nayo ilipata mwenye fedha akawalipia studio na nauli. Wakarekodi nyimbo sita. Waliporudi wakagombana naye kuhusu mgao, naye akaondoka na kanda. Nyimbo sita, miaka arobaini, hakuna aliyezisikia isipokuwa sisi wajukuu na wapwa, maana mjomba huziimba akiwa anatengeneza baiskeli.

Mwaka jana binti wa yule mwenye fedha, baba yake akiwa ameshafariki, alileta boksi nyumbani. Alilikuta akisafisha stoo. Mjomba alilipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto, akakaa nalo kimya muda mrefu. Vijana wa nyumbani wakapiga kelele: tuiweke mtandaoni leo! Hapo ndipo nilipolazimika kuyajifunza haya yote niliyokuandikia.

Kanda kama kitu, sasa iko kwetu. Rekodi, kwa kuwa studio ililipiwa na yule mzee na hakuna karatasi inayosema vinginevyo, inawezekana kabisa ni ya warithi wake, na binti kutuletea boksi si sawa na kutuandikia. Tumekwenda kuzungumza naye, ni mwungwana, amesema ataandika, lakini ana kaka zake wawili na wao lazima wakubali. Utunzi umegawanyika: nyimbo tatu ni za mjomba, mbili za mwimbaji wao ambaye yuko Musoma na simu yake tunayo, na moja ni ya mpiga solo aliyefariki 1996. Wimbo wake ndio mzuri kuliko yote. Ndio ambao mjomba huurudia mara mbili.

"Mpwa wangu," aliniambia, "huu usiutoe bila watoto wake. Hata kama hela haipo. Waambie kwanza kwamba baba yao aliutunga."

Boksi halijafunguliwa. Liko juu ya kabati, mbali na sakafu, limefungwa kwenye khanga na vipakiti vya kukausha unyevu tulivyovitoa kwenye maboksi ya viatu. Juu yake kuna majina ya nyimbo sita kwa wino wa bluu, mwandiko wa mpiga solo. Nimezungumza na fundi wa Dar mwenye mashine ya kanda za aina ile, amesema nisiicheze hata kwa majaribio, nimpelekee kwanza aitazame. Jumamosi napanda meli ya Nansio. Watoto wa mpiga solo wako Ukerewe, na mkubwa wao ameniambia kwa simu kwamba hajawahi kuisikia sauti ya gitaa la baba yake.